Mupande Juu

Substitut, naibu wa mwendesha mashtaka, alikuwa amekwisha kukunja kurasa kumi na moja za mwanzo, ili Inspekta Virginie Kitsa asipate taabu ya kutafuta mahali pa kuweka sahihi. Ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, na ukungu wa Butembo ulikuwa bado umelalia mabati ya parquet, ofisi ya mashtaka. Kazi yenyewe ni ndogo, alisema substitut. Afisa aliyeanza uchunguzi ameitwa kwingine, faili limekamilika, linakosa sahihi ya mpelelezi tu. Kesho saa tisa mchana ndege itatoka Beni kwenda Kinshasa, na Gamaliel Lusenge atakuwa ndani yake.

Virginie hakuigusa kalamu. Aliuliza kama ile sauti iko ndani ya faili.

"Iko mu clé USB, ile ndogo," substitut akajibu. "Mais muji muzima ilisikia. Unaitafuta ya nini tena?"

"Mimi sikuisikia, Chef. Siwezi kusaini juu ya kitu sikusikia."

Substitut akamsukumia bahasha. Akamwambia faili lirudi kabla ya ndege, na lisirudi bila sahihi.

Sauti hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Jumanne ya wiki iliyotangulia, saa tano asubuhi, soko likiwa limejaa, Redio Musingi ilitoa tangazo lisilofika hata dakika moja. Tangu vita vilipofika Kirumba, mji ulikuwa unalala na viatu miguuni, kama wasemavyo watu. Neno dogo lilitosha. Watu waliacha meza za nyanya na vitambaa, wakayavamia malori. Mama mmoja muuza kabichi, Jemima, aliteleza kwenye lori lililokuwa limekwisha kuondoka, na gurudumu la nyuma likampita juu, akafa. Jioni adui hakuonekana. Kesho yake askari walimchukua Lusenge, mkurugenzi wa redio, wakamfunga Beni kwa kosa la kutia watu hofu wakati wa vita. Kosa hilo linaweza kumfikisha mtu mbele ya bunduki.

Wakubwa wengi walisema walilitarajia. Lusenge alikuwa mtoto wa wakulima wa Luofu, aliyeanza kwa kusoma bei ya maharage na viazi katika kijiredio cha chumba kimoja. Wakati wa uasi, wenye bunduki walimfungia redio kwa sababu alisoma hewani orodha ya ushuru wao. Serikali iliporudi, ilimfungia kwa sababu aliwapa kipaza sauti akina mama waliofiwa mashambani. Wakati wa uchaguzi alifungiwa wiki tatu. Gavana mmoja alimwita, akamwahidi kiti cha mshauri wa habari. Alikunywa chai yake, akashukuru, akarudi Butembo kusoma habari za saa moja. Miaka miwili iliyopita alisoma majina ya waliouawa katika shambulio ambalo tangazo rasmi lilisema halikutokea. Siku iliyofuata watu wa serikali waliingia studio, wakachukua kompyuta na kila kilichohifadhiwa ndani yake. Mtu wa namna hiyo, akisingiziwa, hakosi wa kuamini.

Virginie alijifungia ofisini, akavaa vipokea sauti. Kwanza ulisikika wimbo mfupi wa redio, kisha sauti ile nzito ambayo Butembo nzima iliijua.

"Bandugu wasikilizaji, inakuya na nguvu. Musingojee kuiona na macho. Mubebe batoto, mubebe bazee, mupande juu. Mupande sasa hivi."

Alisikiliza mara saba. Mara ya nne aliona kwamba adui hatajwi popote, wala jina la mahali. Mara ya sita alianza kusikia kitu nyuma ya maneno, mvumo mzito usiokatika, kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Aliandika katika daftari lake: *mvua, juu ya mabati.* Chini yake akaandika: *mupande?*

Redio Musingi ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la zege la ghorofa mbili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa utepe wa polisi, lakini karani wa ofisi, Bénite, alikuwa anakuja kila siku kukaa barazani, kana kwamba mtu anaweza kutokea na tangazo la msiba. Virginie alimwomba afungue. Ndani ya studio aliinua macho. Dari lilikuwa zege tupu, na juu yake walikaa wapangaji wengine. Hata mvua ya mawe isingesikika pale. Isitoshe, Bénite alikumbuka vizuri kwamba Jumanne ile jua liliwaka tangu asubuhi. Majirani walikuwa wameanika kahawa uani, na katika zile mbio watu waliikanyaga yote.

"Zamani studio ilikuwa wapi?" Virginie akauliza.

Bénite alieleza kwamba zamani walikuwa bondeni, katika nyumba ya mabati yasiyo na dari. Mvua ikinyesha, mkurugenzi alikuwa anapaza sauti ili asikike. Walihama miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya mto kufurika. Sauti zote za miaka hiyo zilikuwa katika kompyuta iliyochukuliwa.

"Balikuachia karatasi ya kuchukua?"

Aliitoa mkobani, imekunjwa mara nne. Kumbe hakuwahi kuiacha nyumbani. Ilikuwa hati ya ukamataji: kompyuta moja na diski mbili, zimetiwa katika sanduku na kufungwa kwa utepe wa karatasi, mbele ya Bénite, naye ametia sahihi juu ya utepe. Mpokeaji alikuwa Kitengo cha Uangalizi wa Mawimbi, Beni, ofisi ya serikali inayosimamia redio.

Hilo lilikuwa jambo zito, lakini halikumtosha. Faili lilikuwa na mshukiwa wa pili, fundi wa mitambo Ésaïe, ambaye alitoroka siku ile ile. Wiki moja kabla alikuwa amegombana na mkurugenzi mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu Lusenge aliondoa hewani kipindi cha kwaya ya kanisa la fundi huyo ili kurefusha habari. Fundi mwenye ufunguo, mwenye hasira, aliyetoroka: mpelelezi mvivu angetulia hapo, na Virginie mwenyewe alikubali kwamba mambo yalipangika vizuri mno. Alimtuma mtu kwa mchungaji wa kanisa hilo, mchungaji akasita, kisha akasema fundi yuko wapi. Saa nane mchana alimkuta Ésaïe kwa dada yake, nje ya mji, ameketi chini akichagua mbegu za viazi.

Hakukimbia. Alionekana kama mtu aliyechoka kungojea. Alikana kwamba alirusha tangazo, na alipoulizwa ni nani basi, alisema hajui, kwa sababu saa ile redio ilikuwa imezimwa.

"Nani aliizima?"

"Mimi." Aliweka kiazi chini. "Soda mumoja wa jeshi alileta barua iko na muhuri. Inasema tukate émetteur, ule mutambo, nusu saa, ju banapima mawimbi. Nilikata. Alikamata barua yake, akaenda nayo. Kisha nasikia ku redio ya jirani, sauti ya patron inasema. Mama Inspecteur, nilifikiri niko naota. Mutambo iko baridi, na sauti iko inatoka."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwa bale baliandika barua?"

Daftari la mtambo lilikuwa bado mfukoni mwake. Humo aliandika, kama kila siku, saa ya kuwasha na ya kuzima. Siku ile: kuzima, saa tano kasoro robo, kuwasha, saa tano na robo. Virginie alitazama wino, akatazama mistari ya siku za nyuma na za mbele. Haikufutwa wala kubanwa katikati. Lakini daftari la mshukiwa ni neno la mshukiwa, na substitut angelicheka.

Akarudi mjini, akaenda sokoni. Mnara wa Redio Musingi ulikuwa kilimani, na watu wa milima ya Lubero waliisikia kuliko hata watu wa mjini. Kama tangazo lilitoka mnarani, lilifika huko. Kama lilitoka katika mtambo mdogo uliowekwa mahali fulani mjini, juu ya gari kwa mfano, lisingevuka kilima cha kwanza. Aliwatafuta wauza viazi wa Kipese, huko milimani. Mama Agar, mwanamke mnene mwenye shuka mabegani, alisema Jumanne ile alikuwa shambani na redio yake juu ya kisiki. Alikuwa anangoja matangazo ya vifo, maana mjomba wake alikuwa hospitali.

"Ilikufa," akasema. "Ilifanya shhh, nusu saa hivi. Nilipiga-piga, nikabadilisha mabuwe ya redio. Kisha ikarudi yenyewe, na muziki."

"Haukusikia sauti ya Lusenge?"

"Hapana. Tulisikia juu ya kukimbia kesho yake, kwa ba chauffeur."

Virginie aliwauliza wengine wanne, kila mmoja peke yake, bila kuwaonyesha jibu analolitafuta. Wote walitaja ule ukimya. Aliandika maneno yao, wakatia sahihi, na asiyejua kuandika akaweka kidole.

Alhamisi asubuhi aliingia katika msafara wa kwenda Beni. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, askari aliandika namba za kila gari katika daftari kubwa, kama ilivyo desturi tangu njia ile ilipoanza kula watu. Virginie alionyesha kadi yake, akaomba kurasa za wiki iliyopita. Jumanne, saa tatu asubuhi, liliingia gari moja la Kitengo cha Mawimbi. Sababu ya safari, *ukaguzi*. Saa sita mchana lilitoka. Alinakili mstari mzima, akamwomba askari aweke jina lake chini. Askari aliuliza kama kuna shida. Akamwambia hapana, kwake hakuna, ameandika vizuri.

Gari lilishuka kona baada ya kona, ubaridi wa Butembo ukabaki nyuma, joto la Beni likaanza kuingia madirishani. Ilikuwa karibu na Beni, akitazama jinsi barabara inavyoteremka, alipolielewa lile neno aliloliwekea alama ya kuuliza. Alilipigia mstari.

Lusenge alikuwa katika cachot, chumba cha mahabusu chenye dirisha moja la juu, ameketi juu ya dumu la maji. Alikuwa na miaka sitini na moja. Shati lake lilikuwa limepauka kwa jasho, lakini ndevu alikuwa amezipunguza kwa namna anayoijua mwenyewe. Alimsalimu Virginie kwa Kinande, akamuuliza habari za nyumbani kabla ya kumuuliza amekuja kufanya nini. Katika siku tisa alikuwa amehojiwa mara tano. Alipoulizwa kama aliwahi kusikilizishwa tangazo lenyewe, alisema hakuna aliyemsikilizisha. Walimwambia tu kwamba mji mzima ulisikia.

Virginie alimvalisha vipokea sauti. Mzee alifumba macho. Midomo yake ilianza kufuata maneno, na kwenye neno la mwisho iliendelea kusogea hali sauti imekwisha kukatika.

"Ulikuwa unasema nini pale, Muzee?"

"*Ku mulima, ku paroisse.*" Alifungua macho. "Hii ni siku ya mayi. Muto ilikuwa inashuka, batu ba ku bonde bamelala. Nilisema mupande juu, ku mulima, ku paroisse, kanisa ya juu. Balikata mulima, balikata paroisse, balibakisha mupande."

"Mu studio mulikuwa na nani?"

"Tulikuwa babili tu. Mimi na Melchior. Yeye njo alikuwa anafungua na kufunga micro."

Melchior Kasonia. Virginie alilijua jina hilo kutoka kwenye muhuri wa barua nyingi: mkuu wa Kitengo cha Uangalizi wa Mawimbi. Ndiye aliyekikubali kile kiti cha mshauri ambacho Lusenge alikikataa, kisha akapandishwa cheo. Mzee alisema kwamba Melchior alikuja Jumapili kumtembelea, na maandazi, na karatasi moja. Akisaini kwamba anaacha kazi ya redio maisha yake yote, atarudi nyumbani Jumatatu.

"Na haukusaini."

"Nikisaini, nimekubali kama ni mimi nilimuua ule mama." Alirudisha vipokea sauti. "Banasema alianguka ku camion. Jina yake nani?"

"Jemima."

Lusenge alilirudia jina hilo polepole, kama mtu anayejaribu matamshi kabla ya kuingia hewani. Akasema kwamba mama yule alipanda lori kwa kuwa sauti aliyoiamini ilimwambia apande. Kisha akageukia ukuta, na Virginie akatoka bila kumsumbua tena.

Saa sita kamili alikuwa mbele ya meza ya Melchior Kasonia. Melchior alikuwa mtu mtaratibu, mwenye suti nyepesi na sauti ya redio ambayo hakuipoteza. Alimpa kiti, akaagiza soda, akasema anamheshimu sana Muzee Lusenge, aliyemfundisha kazi. Kwa hiyo jambo hili linamuumiza. Virginie alishukuru kwa soda, akaomba kuona sanduku lililokamatwa Redio Musingi.

Lililetwa. Lilikuwa limefungwa vizuri, utepe haujachanika, muhuri juu yake, sahihi ya Melchior katikati. Virginie aliligeuza pande zote nne. Kisha akatoa hati ya Bénite, akaiweka kando ya sanduku.

"Hapa wameandika kwamba Bénite alisaini juu ya utepe," akasema kwa Kiswahili cha ofisini. "Sahihi yake siioni."

Melchior alisema karatasi ya zamani iliharibiwa na unyevu, wakaweka mpya. Alipoulizwa hati ya kubadilisha iko wapi, alisema haikuandikwa. Ni mambo madogo. Lini? Hakumbuki. Virginie aliandika kila jibu, bila haraka, akimsomea alichoandika kabla ya kuendelea. Akauliza kama Kitengo kina mtambo wa kurushia. Kinao, mdogo, wa matangazo ya dharura, ndani ya gari. Jumanne ile gari lilikuwa wapi? Hapa Beni, uani. Alimsomea na hilo pia, na Melchior akakubali kwa kichwa. Ndipo akamwekea mezani nakala ya daftari la kizuizi.

Melchior aliisoma. Alisema huenda vijana wake walikwenda ukaguzi bila yeye kujua.

Virginie aliwasha ile sauti, kwa nguvu, chumba kizima kikajaa mvua.

"Ni nini inakuya?" akauliza.

"Vita. Kila mutu alielewa."

"Vita inakuya, sawa. Nakubali ile. Sasa unielezee ingine. Vita iko inatoka Lubero, ku milima. Mutu wa Butembo akikimbia, anaenda wapi?"

"Beni."

"Anapanda ao anashuka?"

Hakuna mtu wa nchi ile, hata mtoto wa shule, asiyejua kwamba kutoka Butembo kwenda Beni mtu anashuka. Aliyeambiwa apande ni yule anayekimbia maji. Melchior alichukua glasi yake ya soda, akaiona tupu, akairudisha.

"Siku ya mayi mulikuwa babili mu studio," Virginie akaendelea kwa sauti ile ile. "Mumoja iko mu cachot hapa chini. Hakusikia hii sauti mpaka leo asubuhi. Mwengine iko mbele yangu, na sanduku."

"Inspecteur," Melchior akasema taratibu, "hautafika mbali na hii. Fikiria kazi yako. Mimi sikutaka mutu afe. Tulitaka afunge mudomo, basi. Miaka makumi tatu anasumbua kila gouvernement, na batu banamupigia makofi, na siye tunaitwa baoga."

"Nimeandika," Virginie akasema, na kweli alikuwa ameandika. Alimsomea neno kwa neno, hadi *baoga*.

Kisha akaomba ruhusa kutumia simu yake mwenyewe pale pale, mlango ukiwa wazi. Alimweleza substitut kwa mpangilio: mvua na dari la zege, ukimya wa Kipese na mashahidi watano, daftari la mtambo, daftari la kizuizi, utepe usio na sahihi ya Bénite, na maneno ya sasa hivi. Substitut aliuliza kama anajua karatasi ya maelezo hayo itapita mikononi mwa nani.

"Itapita kwa wengi, Chef. Ndiyo maana nimetengeneza nakala tatu. Moja nitampa mukubwa wa cachot, na ataniwekea muhuri wa kupokea. Sahihi yangu iko ku zote."

"Na ile faili nilikuomba usaini?"

"Ile ya Lusenge niko nayo hapa. Haina sahihi."

Alisikia kiti kikisogezwa, huko Butembo. Hatimaye substitut alisema, kama mtu anayetua mzigo asiojua ataulaza wapi, kwamba bila sahihi ya mpelelezi mfungwa hawezi kupanda ndege. Atampigia simu mkubwa wa cachot. Atolewe kwenye kile chumba, apewe kitanda, familia iingie. Mengine, Jumatatu, mbele ya hakimu.

"Na Kasonia?" Virginie akauliza.

"Ufuate sheria," substitut akasema, akakata simu.

Saa tisa ndege iliondoka na viti vitatu vitupu, viwili vya askari wa kulinda na kimoja cha mlindwa. Virginie hakuiona. Alikuwa bado katika ofisi ya Kitengo, amemwita askari wa mlangoni akae ndani, ameomba simu na funguo za gari ziwekwe mezani. Melchior alikuwa amevua koti. Alijaribu mara moja kusema kwamba yeye pia ni mtu wa serikali kama Virginie, wote wanakula sahani moja. Virginie akamwambia angoje, atapewa nafasi ya kusema yote.

Alichukua karatasi mpya, akainyoosha kwa kiganja, akaandika tarehe na saa. Palipochapwa *shahidi* alikata kwa mstari, akaandika *mushitakiwa*. Kisha akainua macho, akamuuliza kama mtu asiyemjua:

"Jina yako?"